Chungu Kilichomwagwa kwa Papa Kanyamibwa

Mokoto, Masisi
Tarehe 18 Juni 1956

Mpendwa Shangazi Thacienne,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Kibua, wewe na mume wako Papa Raphaël na watoto wote. Mguu wako umepona? Mihogo ya bondeni imestahimili mvua? Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anakwenda, na anakusalimu sana.

Barua hii nimempa dereva wa lori linalopita Kibua kwenda Mubi. Nimeibandika kwa ugali wa muhogo pande zote. Ukiona imefunguliwa, mwangalie vizuri huyo dereva, maana alinichekea bila sababu.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya staji, yaani ya mafunzo, ninayofanya ziwani. Kwa kweli hata mimi najiuliza. Mzungu wetu, ambaye watu wanamwita Bwana Maji, anatufundisha kuchunguza ziwa, mimi na Albert, kijana wa mlima wa pili. Jumatatu iliyopita tulishusha kisahani cheupe majini kwa kamba, ili tuone kinapotelea wapi. Mtu mzima atoke Ulaya kuja kuzamisha sahani! Mimi nawaza kwamba leo anapima maji, kesho atapima mashamba yetu. Nilimuuliza, akasema anataka tu kujua maisha ya samaki. Sijaridhika. Ila kazi naipenda, siwezi kukuficha.

Katikati ya juma tulitega nyavu, tukapasua matumbo ya samaki kutazama walichokula. Kisha tukawatia katika machupa yenye maji makali yanayoitwa formoli, wasioze. Shangazi, maji hayo yanachoma pua na vidole, na harufu yake haitoki hata ukinawa kwa majivu. Ndiyo maana mchana nadunga kiazi changu kwa kijiti, nakila bila kukigusa. Wanawake wanaokuja kuteka maji wananitazama, na nikipita wananyamaza. Nilijua kuna maneno yanatembea, sikujua yanatoka kwa nani.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nataka kumuoa Emérita, binti wa Papa Kanyamibwa. Jana baada ya misa niliwapelekea chungu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama inavyotakiwa kabla wazee hawajazungumza habari ya ng'ombe wa mahari. Nikamkuta Albert ameshaketi pale, bega kwa bega na mzee. Nani alimwalika? Hakuna aliyeniambia.

Kwetu mwenye kuleta pombe anaonja kwanza, wote waone kwamba hakutia sumu. Wewe ndiwe uliyenifundisha nisiguse chungu cha mtu asiyekionja, na tangu utoto sijasahau. Lakini Jumamosi yote tulikuwa tukijaza machupa, na midomo yangu ilikuwa bado imevimba. Nikaogopa kwamba nikinyonya mrija, ile formoli itamfikia mzee. Basi nikampa yeye mrija kwanza, kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

Papa Kanyamibwa akasema, "Kunywa kwanza, mutoto."

"Hapana, Papa, kunyweni ninyi." Mjinga mimi!

Hapo Albert akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kaka, na zile tumbo za samaki unawekaka mu machupa, ni za kufanya nini?" Yeye ambaye anayajaza pamoja nami!

Niliruka nishike mrija ninywe, lakini mzee alikuwa ameshauchomoa. "Muntu analeta pombe, yeye mwenyewe anaikatala," akasema. "Unataka tuwaze nini?" Akakibeba chungu, akakimwaga kwenye maharagwe, na kuku wakafukuzwa wasikaribie. Mama Adelaïde, mama yake Emérita, akafagia mahali nilipokuwa nimeketi, nami bado nimesimama pale. Niliona haya mpaka machozi yakanilenga.

Emérita alinifuata mpaka kwenye ugo. "Mi najua hauna na ubaya," akaniambia. "Lakini leta muntu mukubwa wa kwenu, akunywe mbele yao. Kama hapana, Papa ataitikia Albert. Alishaomba." Basi mara hii angalau sikumshuku mtu bure.

Mzee amekubali kungoja mpaka maharagwe yavunwe, si zaidi. Leo nimekaa na Albert katika mtumbwi mmoja, yeye ameshika kamba na mimi nimeshika kasia. Nilimwangalia tu mikono.

Shangazi, tangu marehemu Papa atuache, wewe ndiwe mkubwa wa upande wake. Nakuomba uje. Pombe uipike mwenyewe huko Kibua, uifunge vizuri kwa majani, na ndani ya lori uipakate. Huku siwezi kumwachia mtu hata ndizi zangu.

Nisalimie Papa Raphaël, na Geneviève, na Benoît mdogo ambaye nasikia ameanza kutembea. Mungu akulinde kwenye hiyo barabara ya msituni mpaka mlangoni kwetu.

Utaonja wewe kwanza, wote wakiona. Kisha utanipa mrija, nami nitakunywa nyuma yako. Na kwa mara ya kwanza tangu unilee, sitachungulia kama umemeza.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,

Théoneste Mbonigaba