Sinia la Bi Nusrat

Mkunazini, Unguja
12 Januari 2025

Mjukuu wangu mpenzi Febronia,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Ni mzima, ila macho yananisumbua. Uniwie radhi kwa mwandiko. Nawe hujambo na joto la Dar es Salaam?

Nimefurahi mno kwamba filamu yako inahusu nyumba yetu. Uliniomba kisa kwa usahihi. Ubwa, jirani wa wazee wetu, alimuua baba wa babu yangu kwa ugomvi wa mikarafuu ya Kidichi, wala hakushtakiwa. Matiasi, kaka wa babu yangu, akamuua Ubwa kulipiza, naye akanyongwa. Sinia la mama yake Matiasi lililokuwa kwa kina Ubwa likarudishwa tupu, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu ila kwa uadui. Ujirani ukafa hapo, hadi marehemu bibi yako alipothubutu kumpelekea Bi Nusrat, mjukuu wa Ubwa, mkate wa kumimina, na sinia likarudi na tende.

Samahani kwa kukuagiza: tengeneza filamu ambayo Bi Nusrat ataweza kuitazama akiwa kiti cha mbele.

Babu yako,
Augustino

Dar es Salaam
23 Februari 2025

Shikamoo Babu,

Hujambo? Dawa ya macho unatia? Mimi mzima, usingizi tu ndio sina. Tumemaliza kupiga picha! Mfadhili anataka filamu iishe Matiasi amesimama na jambia lake. "Watu wanataka shujaa," anasema. Na mimi, Babu, nikimtazama Matiasi naona fahari.

Nishukurie Bi Nusrat kwa sinia alilotuazima kwa tukio la karamu ya harusi katika filamu. Duni, msimamizi wa vifaa vyetu, amemrudishia. Kalisugua mpaka unaweza kujitazama.

Mjukuu wako,
Febronia

Mkunazini, Unguja
6 Machi 2025

Febronia mjukuu wangu,

Marahaba. Afya yangu ni njema, namshukuru Mungu. Niwie radhi, barua hii haitakupendeza.

Sinia lilirudi tupu. Bi Nusrat aliligeuza huku na huku, akaniita kutoka ng'ambo ya uchochoro: "Augustino! Ndo tusharudi kule kule?"

"Naam, Bibi," nikaitika. Akafunga mlango. Ramadhani imeingia, na futari aliyozoea kuniletea haijaja. Ningepeleka kitu mimi, lakini si mimi niliyeazima.

Fahari yako siilaumu; damu ni yetu. Lakini mama yake Matiasi alibaki na lile sinia tu. Sijui kama umempa nafasi.

Babu yako,
Augustino

Mkunazini, Unguja
14 Julai 2025

Mjukuu wangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama. Mimi nimeamka na nguvu za ujana.

Barua yangu ya Machi hukuijibu; ulikuja mwenyewe na mkate wa kumimina. Bado nacheka nikikumbuka.

"Umeungua huu," alisema Bi Nusrat.

"Nimepika mwenyewe, Bibi."

"Naona!" Na mlango ukafunguliwa.

Juzi filamu ilipooneshwa pale Ngome Kongwe, jina la mfadhili halikuwamo, nami naelewa mwisho ule ulikugharimu nini. Jambia halikuonekana tena. Mama yake Matiasi, peke yake, alilipangusa sinia tupu, akalitundika ukutani. Bi Nusrat, kiti cha mbele, alinishika mkono. "Masikini, mama wa watu," akaninong'oneza. "Na sisi ndo tulomrejeshea tupu."

Makofi yalipolipuka alisimama, akawageukia walioketi nyuma: "Mjukuu wetu huyo! Mjukuu wetu!"

Ilinipasa kumsahihisha. Uniwie radhi, Febronia. Nilisimama nami, nikapiga makofi.

Babu yako,
Augustino