Kabla Wafula Hajafunga Begi

Doha,
Jumatano, baada ya kuosha vyombo

Baba Wafula wangu,

Nakusalimu kwanza wewe mwenye boma, halafu nakisalimu kifua chako, kwa sababu mara ya mwisho kwa simu nilikusikia ukikohoa na ukasema ati ni vumbi la mahindi. Hilo vumbi limeisha? Mama yako huko Bungoma goti lake linaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi, ameshazaa ama bado anatuchezea? Mimi niko mzima. Joto limepungua, chakula ninakula, ni miguu tu inavimba nikipiga pasi sana, na huo si ugonjwa, ni kazi.

Najua umeshtuka kupewa karatasi. Utasema, mwanamke mwenye simu kubwa kuliko ya chifu ananiandikiaje barua kama wakati tulikuwa wachumba? Ngoja nikwambie. Nikikutumia sauti, wewe unaifungulia spika pale stoo ya mahindi na soko zima linasikia. Juzi nilikwambia nimekukumbuka, na kesho yake yule mama wa nyanya anayeuza kando yako akanipigia simu kunicheka. Nikikutumia maandishi, herufi ndogo zinakushinda, unampa Wafula akusomee. Na haya ya leo Wafula asiyasome. Ndiyo maana nimempa Selina, yule dada wa Webuye tunayelala naye chumba kimoja. Mkataba wake umeisha, anasafiri kesho, na ameniahidi atapanda mpaka Kitale akuwekee mkononi. Mpikie chai ya maziwa, usimpe ya rangi. Ukishamsindikiza, vaa miwani, keti nyuma ya magunia, na usisome kwa sauti.

Kwanza asante. Umenilelea kijana. Mimi huku kunyamaza kumenishinda, nimewaambia wote. Nimemwambia mama mwenye nyumba ninayemfanyia kazi, nimemwambia dereva wake, nimemwambia hata yule anayeleta maji ya kunywa, kwamba mtoto wangu anakuja, na haji kutafuta kazi, anakuja kama mtalii. Miaka yote hii amebeba mabegi ya wazungu kuwapandisha Mlima Elgon, sasa anabeba lake. Anapitia hapa anione siku chache, halafu anaendelea mpaka Nepali kutembea kwenye milima inayoshinda yetu. Dereva akaniuliza, "Mtalii wa Kenya? Si watalii ndio huenda kwenu?" Nikamwambia, "Walikuja sana bana, sasa tumeanza kurudisha matembezi." Alicheka mpaka akasimamisha gari.

Na mama mwenye nyumba amenipa ruhusa niende uwanja wa ndege kumpokea. Nimekata kadibodi ya sanduku la juisi, nikaandika WAFULA kwa herufi kubwa, kama wale madereva wa hoteli. Selina akanichambua: "Mama Wafula, kwani utapotezana na mtoto uliyemzaa mwenyewe?" Nikamwambia simpotezi, lakini mtalii hupokewa na kadibodi.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe, maana naona nalizunguka.

Jumapili Wafula alinipigia simu ya video. Alikuwa chumbani kwetu, amepanga vitu vyake vyote juu ya kitanda chetu. "Mathe, cheki vile nimejipanga!" Na kweli alikuwa amejipanga. Viatu vya mlima, koti la mvua, tochi ya kufunga kichwani, hema lililokunjwa likawa dogo kama mkate. Nikasema moyoni, huyu ni baba yake kabisa, hivi ndivyo mwenzangu hupanga mayai ya kupeleka Bungoma, halipasuki hata moja. Halafu simu ikasogea kando, nikaona chupa ndogo tatu, kila moja imefungwa kwenye nailoni yake isimwagike, zimesimama kwenye kibati cha peremende za kikohozi. Kando yake kuna kitu cheusi kama filimbi ya refa, ila kirefu. Na soksi ya kijivu ambayo ndani yake kuna betri.

Nikamuuliza, "Wafula, hizo betri ni za nini?"

"Za tochi, mathe."

"Na hizo chupa?"

"Hiyo ni dawa ya mbu."

"Dawa ya mbu iko na picha ya embe?"

"Mbu wa Nepali wanapenda embe," akasema, akacheka, mara ati mtandao unasumbua, akakata.

Baba Wafula, hiyo ni sigara ya umeme, ile vijana wanaita vape. Wewe ukiiona utafikiri ni kalamu ya daktari. Inatiwa yale maji ya embe, inawashwa na betri, mtu anavuta anatoa moshi kama sufuria ya maharagwe. Mimi nimeijua kwa kufua nguo. Kijana wa hii nyumba anayo. Nimeitoa kwenye mifuko ya suruali zake, nimepangusa yale maji yakinata kwenye droo, na siku moja betri yake ilivimba chini ya mto ikatoboa godoro. Kwa hiyo Wafula asinifundishe mbu.

Na hapa hicho kitu kimekatazwa. Kukiingiza ni makosa, kukiuza ni makosa. Huyo kijana wa nyumba alishikwa nacho kwenye maduka makubwa. Yeye ni mwenyeji, ana baba mwenye jina, na bado baba yake alitoka mchana kwenda kumfuata, wakarudi usiku. Niliwapakulia chakula, hakuna aliyekula. Nikajiuliza, na wetu je? Wetu ambaye mama yake ndiye mpiga pasi? Selina anasema wengine wananyang'anywa tu kisha wanaachiliwa, wengine wanatozwa faini, wengine wanalazwa ndani, inategemea umeangukia mkono wa nani. Mtoto wangu sitaki aanguke mkono wa mtu. Na anapoulizwa atalala wapi, jina atakalotoa ni langu, na nyumba ni hii. Akishikwa, safari yake imekufa pale mlangoni, na mimi kesho yake narudishwa nyumbani, na binti yetu Nekesa anaacha shule kwa kukosa karo.

Usifikiri sijamwambia. Nilimpigia Jumatatu nikamwambia wazi, nimeona, najua ni nini, toa. Akasema, "Nimetoa, mathe, tulia." Alisema haraka sana. Unaikumbuka ile haraka yake? Ni ile aliyokuwa nayo akiwa mdogo, tukimuuliza kama amempa ndama maji, "Nimempa!" kabla hujamaliza swali, na ndama analia nyuma yake.

Basi jana nilikaa nikaanza kukuandikia mahali pa kutafuta. Nikaandika: soksi ya kijivu, kibati cha peremende, angalia na ndani ya viatu. Nikafika hapo, nikakuona.

Nilikuona vile hufanya na mahindi. Mtu akikuletea gunia huridhiki na yale ya juu yaliyoanikwa vizuri. Unakunja shati, unatia mkono mpaka kwapani, unaleta mahindi ya chini, unayauma mbele ya mwenyewe na mbele ya wabebaji wote, na yakiwa mabichi unayatema halafu unapiga kelele mpaka barabarani. Kwa biashara ni sawa, ndiyo sababu hakuna anayekudanganya Kitale nzima, na mimi hujivunia. Lakini nikaona ukitia mkono hivyo kwenye begi la Wafula. Nikaona ukiishika hiyo filimbi juu, wabebaji wakiangalia, "Hii ni nini? Hii ni nini nauliza!" Na nikamwona yeye akiacha begi hapo hapo na kuondoka, kama ulipomfokea mbele ya watu kwa ajili ya ile pikipiki, akaenda kukaa Kapsokwony miezi bila kutupigia simu. Ile karatasi nimeichana. Usitie mkono kwenye begi lake. Nakuomba.

Kuna kitu nimefikiria kwa huruma kidogo. Unakumbuka alivyotuambia ameacha sigara? Mimi nilitangaza hapa kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Sasa naelewa aliachaje. Hakutudanganya, sigara aliacha kweli, akashika hii. Huko juu mlimani baridi ni nyingi na vijana wote wanavuta. Amejaribu peke yake, bila mtu wa kumwambia inakuwaje.

Na mtu wa kumwambia yuko hapo nyumbani, anasoma hii barua.

Wafula hajui kwamba wewe ulivuta. Alikuwa bado mgongoni mwangu. Mwaka ule tulikaa kwa mama yako Bungoma, ukaamua umeacha, ukaingia shamba la miwa kama fisi. Asubuhi muwa, jioni muwa, midomo imekatika, boma lote ni makapi, mama anapiga kelele ati amezaa ng'ombe. Ulikuwa na hasira na kila kitu. Ulimfukuza kuku ati anakuangalia. Siku moja nilikukuta nyuma ya choo umeshika kiberiti bila sigara, unawasha na kuzima, na ukalia. Hatujawahi kuongea kuhusu hiyo siku, na hatukuwahi kumwambia mtu. Leo wewe ni mzee wa kanisa, unaketi kiti cha mbele, na najua ninakuomba kitu kigumu kuliko kutia mkono kwenye gunia. Lakini mwambie Wafula hiyo siku.

Fanya hivi. Kabla ya ile Jumapili ya kumwombea safari kanisani, mpeleke Bungoma amuage nyanya yake. Muende wawili tu. Kata miwa, mkae pale ukingoni mwa shamba, mtafune. Usianze na maneno ya polisi. Anza na kiberiti. Ukimaliza kiberiti, ndipo umwambie mambo ya huku, na umwambie mama yake hana hasira, ana hofu. Halafu nyamaza. Najua kunyamaza hukujui, lakini jaribu. Mkirudi Kitale, yeye mwenyewe afungue begi, yeye mwenyewe atoe, kwa mkono wake, vyote, na yale maji na soksi ya betri. Msivitupe kwenye moto wa takataka, betri italipuka ikuchome. Weka kwenye sanduku lako la bati pale stoo. Ni vyake, akirudi ataamua. Pengine akirudi hatavitaka. Mimi nitakuwa nimemwekea chingamu na karanga, na akinikasirikia hizo siku zote atakazokaa hapa, nitafurahi, nitakuwa nakasirikiwa na mtoto wangu nikimwona kwa macho.

Sitaki pasta aweke mkono juu ya hilo begi na kuliombea lipite salama wakati sisi wawili tunajua kilichomo. Hiyo itakuwa kumtuma Mungu kazi yetu.

Na akikataa? Nimefikiria hata hilo. Akikataa, asipande ndege. Usimpige, usimtukane, mwambie tu mama amesema usije. Mimi nitawaambia watu wa hapa ati karatasi zimechelewa. Dereva atanicheka. Nitakaa mwezi mzima bila kitu cha kujisifu, watapumzika.

Nisalimie mama yako, umwambie leso yake ya kijani nimeinunua na Wafula atarudi nayo. Nisalimie dada yako mwalimu wa chekechea na watoto wake wale wa kelele. Msalimie jirani yetu fundi wa baiskeli, yule aliyenibebea sanduku siku ya kuondoka. Nekesa akifungua shule mwambie nimeona alama zake za hesabu, na nimewaonyesha watu. Hata mama wa nyanya msalimie, lakini usimwambie nimeandika nini.

Ukishamaliza na Wafula, nipigie. Najua atakuwa hapo kando, na spika itakuwa imefunguliwa, na soko litakuwa linasikiliza. Kwa hiyo usiniambie chochote. Niambie tu mahindi yamekauka, nitajua ametoa. Kama bado ni mabichi, sema mabichi, na hilo pia nitalielewa.

Kadibodi nimeiweka chini ya kitanda, imelala kifudifudi nisiwe naliona jina. Siigusi mpaka nisikie mambo ya mahindi.

Ni mimi mke wako asiyekusahau,
Mama Wafula