Mawimbi ya Kalinga

Jumanne, 4 Juni 2024

Wamemleta Kalinga. Mdogo wangu! Alianguka toka paa la kanisa Kihesa akipigilia bati. Iringa wamempa rufaa, kafika huku Mbeya na mashine ya kupumulia. Hafumbui macho. Mama kaja naye na kitenge kimoja tu, baridi yote hii. "Kamwene, Frida," akanisalimu kikwetu.

Jumatano, 5 Juni

Kipimo cha ubongo hapa hospitalini nafanya mimi. Dokta Anania aliuliza kama nitaweza, ni damu yangu. Nitaweza, nikasema. Nikambandika waya kichwani. Mawimbi hayo kwenye skrini! Mama akamshika mkono — yakapanda. Akauachia — yakashuka. "Ananisikia!" Akapiga simu nyumbani Igowole, wakaimba hukohuko kwenye simu. Nami nililia kwa furaha.

Alhamisi, 6 Juni

Sijatulia. Mistari yote inacheza sare, ya mbele ya kichwa, ya nyuma, kote. Ubongo hauchezi hivyo. Nimekagua: waya wa sikioni, ule ambao mashine inalinganisha nao sehemu zote za kichwa, umelegea. Na soketi ya pale kitandani haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini! Basi tulichokiona ni umeme wa jengo. Mama akimgusa, unazidi. Ndiyo hivyo tu. Mungu wangu.

Dokta akasema fundi aweke ethi, nirudie kesho. Mama nimemwambia tunarudia kipimo. Basi. Akasema vizuri, mumwone zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Ethi ipo. Nikasugua ngozi ya sikio, nikabandika waya upya, nikaupima. Safi. Nikawasha.

Mistari imenyooka. Nikaikuza mpaka mwisho. Nikamfinya kidole, nikamwita kwa sauti. Hamna. Hamna!

Dokta Anania akaniwekea mkono begani. Akasema bado kuna vipimo vingine, na daktari mwenzake lazima naye aone. Ila Mama aanze kuandaliwa. Nikasema nitamwambia mwenyewe.

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Mama kaja na chupa ya uji, anacheka! Wa Igowole wamekodi gari, wanafika jioni. Wanamletea Kalinga koti, asipigwe na baridi akitoka. Kanimiminia kikombe: kunywa, mwanangu, umekonda.

Nimekunywa. Kakaa kando yangu, ananingoja nimalize kuandika tuingie wote.