Keki ya Tarehe Tisa Oktoba

Anyango, acha nikwambie ya leo.

Olupot, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alimwita mama mkwe wangu Aanyu uwanjani leo aheshimiwe. Si unajua alizaliwa siku ile ile bendera ya Uganda ilipopandishwa, 1962. Tangu jana anapiga pasi gomesi, lile gauni lake la sherehe.

Kufika, wakamsimamisha juani saa mbili nzima. Keki ikaletwa, imeandikwa Olupot. Eti naye kazaliwa leo. Leo, Anyango.

Akamlisha mama kipande kwa mkono wake mbele ya kamera, kisha akampa maiki ashukuru.

Mama akatema ile keki kwenye kitambaa, akakikunja. Akasema polepole, "Olupot alizaliwa Pasaka. Kitovu chake nilikikata mimi."