Kupe wa Mgongoni

Bagamoyo, Shaabani 1301

Kwa mume wangu Humoud, huko Unyanyembe.

Salamu nyingi, bwana. Sisi hatujambo. Paa la jikoni limeezekwa upya. Punda wako alijaa kupe masikioni. Mama yako akataka kuwachoma kwa kaa la moto, nikamkatalia. Nimewatoa kwa kucha, kisha nikamwosha kwa maji ya chumvi.

Barua yako imefika. Nashukuru kwamba homa imekuacha, na kwamba yule kupe wa mgongoni alitolewa mzima, hata maumivu hukuyasikia.

Kila uliporudi safari, hukuingia ndani mpaka nikuvue kanzu uani, nikukague mgongo. Kupe wa pale mtu hamtoi mwenyewe, Humoud. Nawe si mtu wa kuwavulia kanzu wapagazi.

Basi mwambie huyo anayekuvua kanzu huko, na jina lake silitaki: amshike kupe karibu na ngozi, amvute taratibu, asimpinde, kichwa kisije kikabaki ndani.

Na chini ya bega la kushoto una baka dogo jeusi. Si kupe, asilivute. Mimi nililivuta usiku wa harusi yetu, tukacheka mpaka mama yako akagonga ukuta.

Ni mimi, Khairiya.