Usinijibu Kama Mgonjwa Wako

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. U hali gani huko? Sisi tupo, tunasukuma siku. Tangu kiharusi kimpate baba yako hawezi kujigeuza kitandani, namgeuza mimi, na mgongo wangu umeanza kugoma. Jana alimwaga chai nikamfokea. Nikaingia bafuni, nikafungulia bomba nilie asinisikie.

Majirani nimewatambia kwamba binti yangu ni mwanasaikolojia wa hospitali, anatibu watu waliochoshwa na kazi. Wanauliza anawapa dawa gani. Hebu niambie na mimi.

Mama yako

19 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mimi pia mzima. Asante kwa kunishirikisha hisia zako. Unayopitia ni uchovu wa walezi, na ni jambo la kawaida. Nakushauri utenge muda wako mwenyewe kila siku, uvute pumzi taratibu na ujiwekee mipaka. Je, kumfokea baba kulikufanya ujisikieje?

Wako, mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Kulinifanya nijisikie vibaya, ndiyo maana nililia bafuni, au barua hukuisoma? Na hiyo mipaka niiweke wapi, kati ya kitanda na ukuta? Nimekuzaa mimi. Usinijibu kama mgonjwa wako.

Mama

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Baba anaendeleaje? Mgongo je?

Barua yako nimeibeba mkobani muda wote huu. Nilikasirika, mama. Kisha kila nilipokaa kukujibu, yalikuja maneno yale yale ya kazini. Sina mengine. Walimu, madereva, hata madaktari wanakuja kwangu wakiwa hoi bin taabani, nawaambia wapumzike, na mimi nikifika nyumbani simu ikilia naitazama mpaka inyamaze.

Juzi muuguzi mmoja alikaa kitini, na kabla sijamuuliza kitu akasinzia. Nikamwacha. Nami usingizi ukanipitia papo hapo. Aliyetuamsha ni mfagiaji aliyekuja na ndoo yake. Muuguzi akasema hajawahi kuhudumiwa vizuri namna ile, tukacheka mpaka machozi. Yake yalikauka, yangu yakaendelea.

Nimeomba likizo. Nakuja Jumamosi. Ushauri sina, mama, nimeishiwa. Wewe nioneshe tu baba anageuzwaje.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Umefika salama? Mimi mgongo umetulia, namshukuru Mungu, na majirani wanasema nimenawiri. Siku zile ulipokuwa ukimgeuza wewe, nililala kama mtoto. Kweli tuliongea kidogo, lakini sikuwa na haja ya maneno.

Asubuhi uliyoondoka, baba yako aliuliza yule muuguzi mpya ameenda wapi. Nikamwambia, si muuguzi yule, ni mwanao. Akafumba macho, nikadhani ameshasahau. Baadaye, namlisha uji, akausukuma mkono wangu, akasema kwa ule ulimi wake mzito: "Macho yake mekundu. Mwambie naye alale."

Basi, nimekwambia.

Mama yako