Neno Lililobaki Kinywani mwa Baba

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali tena kupanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Mgonjwa wetu anaendelea: mkono wa kulia bado mzito, lakini anakula mwenyewe kwa wa kushoto, na mashavu yameanza kurudi.

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nipate la uhakika la kukueleza. Miaka ishirini na sita ya gazetini imenizoeza vibaya, siandiki nisichokiona.

Nianze na asante. Nilipokuuliza kwa nini kiharusi kimemnyang'anya Baba maneno yote na kumwachia moja tu, tena la Kiingereza, "nuisance", sikutegemea kurasa nne za majibu.

Wakati ule sikukueleza hali ilivyokuwa. Kwa miezi miwili tulilichukua neno lile kama amri ya kuondoa kero. Baba akiitazama redio na kulisema, tuliondoa redio. Akaitazama saa ya ukutani, tukaishusha. Mdogo wangu, yule fundi umeme, alifungua hata balbu. Baba akatazama tundu tupu, akalisema tena.

"Sasa mzee, nikung'olee na dari?" mdogo wangu akamuuliza.

Tulicheka, lakini chumbani vilikuwa vimebaki kitanda na kiti tu.

Kwa Mama halikuwa jambo la kucheka. Kila asubuhi akimnyoa, Baba alimkazia macho na kulisema. Mama alikaa mapokezi ya ofisi miaka mingi. Kiingereza cha kutukanwa anakijua. Alivumilia, halafu siku moja akaniambia anahamia kwa mdogo wake, sisi tutafute muuguzi.

"Miaka arobaini na moja, mwanangu, kumbe nilikuwa namkera tu," alisema. "Alikuwa na adabu ya kunyamaza."

Ndipo barua yako ikaingia. Nilimsomea Mama yote mezani, bila kuruka. Kwamba ujanani, wewe na Baba mlipofanya kazi kiwanda cha uchapaji, msimamizi wenu alilitoa neno hilo kila karatasi ilipokwama mtamboni, na nyinyi vijana mkaligeuza salamu. Kwamba husemwa kwa kitu kidogo kinachosumbua, si kwa kitu unachokichukia. Ni neno la nzi, uliandika, si la mwizi.

Mama alikung'uta makombo mezani. "Kwa hiyo mimi ni nzi. Mshukuru sana wifi yangu."

Nimefikisha.

Lakini mstari wako mmoja haukunitoka: tuache kulisikiliza neno, tuisikilize sauti. Mtaalamu wa hospitali, anayewafundisha wagonjwa kusema upya, aliniambia hivyo hivyo. Neno lile Baba hakulichagua. Ndilo pekee linalotoka. Nikamwomba Mama anipe siku tisa, nikachukua likizo na daftari jipya.

Niliandika kila mara alipolisema: saa, alichokuwa akikitazama, na sauti. Kwa uji wa moto lilikuwa fupi na kali. Kwa kinyozi aliyekuja kumpunguza nywele lilikuwa refu, la utani. Akiwa na kiu alilisema mara mbilimbili.

Siku ya saba Mama alikwenda kwa mdogo wake kukiangalia chumba. Aliondoka saa nane mchana, akarudi saa kumi na moja. Katika muda huo Baba alilisema mara thelathini na nne, zote akiutazama mlango, sauti ikipanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza. Mama alipoingia alilisema mara moja tu, taratibu, akasinzia.

Siku ya tisa nilimsomea Mama ukurasa ule. Sikuongeza maoni yangu.

"Thelathini na nne?" akauliza. "Umehesabu sawasawa?"

Nikamwambia huenda mojawapo ilinipita nilipokwenda kupokea simu.

Alichukua simu yake. Kisha akampigia mdogo wake. "Hicho chumba mpe mwanao," alisema. "Mimi huku kuna mtu ananiita."

Hivyo Mama yupo, Shangazi, na yupo kwa sababu ulikaa chini ukatuandikia. Sisi tunaolala na Baba nyumba moja tulishindwa kumsikia. Asante sana.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa mkunga, na umwambie nampongeza kwa kupandishwa cheo. Mama na mdogo wangu wanakuamkia. Mungu akuzidishie umri na nuru ya macho, na akufungulie njia uje umwone kaka yako.

Uisamehe mistari iliyopinda hapa chini. Baba ameketi kando yangu, ameishika pembe ya karatasi kwa mkono wake mzima, na hataki kuiachia.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,

Mtoto wa kaka yako, wa gazetini